Mkate wa Haraka

Unga wa mchele, hapa Chendamangalam, hauombi ruhusa.
Uache bakulini saa tatu tu, kwa joto hili la Aprili,
utaukuta umeinuka, unapumua kama mtoto aliyelala.
Ndiyo maana Alhamisi Kuu tunashindana nao mbio:
mama anasaga choroko nyeusi na nazi,
mimi namenya vitunguu saumu,
maji yanatokota kabla hatujamaliza kukoroga.
Hakuna anayetufukuza. Farao hayupo barabarani.
Lakini mikono inajua kwamba kuna safari.

Kabla ya kufunika chungu
mama analaza juu ya mkate msalaba wa ukuti
uliobaki Jumapili ya Matawi.
Bibi Thressia aliuita Pesaha,
akiivuta ile ha ya mwisho
jinsi Sippora alivyoivuta, ng'ambo ya ukuta.

Sippora, mke wa Eliyahu muuza mayai.
Sikukuu yake ikikaribia
alipaka chokaa nyumba nzima,
akachokonoa nyufa za meza kwa sindano ya magunia
isije ikasalia chembe ya chachu.
Bibi alimcheka: "Chembe moja itamdhuru nani?"
"Chembe moja," alijibu, "huumua donge zima."
Miaka mingi baadaye bibi aliyasikia maneno hayo
yakisomwa kanisani, waraka wa Mtume,
akamkanyaga babu mguu:
"Sikiliza, Ouseph! Sippora huyo."

Na Ijumaa Kuu moja, padri mgeni
alipowasema vibaya Wayahudi mbele ya msalaba,
bibi alisimama, hereni zake nzito zikigongana,
akatoka, watoto sita nyuma yake.
Mlangoni akageuka, wala hakunong'ona:
"Na huyo uliyemfunika kitambaa, Baba, ni mtoto wa nani?
Jana usiku alimega mkate wa nyumbani kwa mama yake."

Kisha zikaja barua, kisha likaja lori.
Hawakufukuzwa. Waliondoka wakiimba,
sinagogi zima, na magodoro, na vikapu vya kuku.
Maisha yake yote Sippora aliomba
mwaka ujao uwe Yerusalemu.
Mwaka ujao ulipofika,
alishika kamba ya kisima, akalia.

Alhamisi iliyofuata bibi hakuwasha jiko.
Kwetu nyumba iliyofiwa haipiki Pesaha,
majirani ndio huileta.
"Amekufa nani?" babu akauliza.
Bibi akaelekeza kidevu ukutani.
Jioni wakaja majirani, hawakuuliza lolote,
mikate tisa, kila mmoja na ukuti wake.
Bibi alikata kipande kimoja, kikubwa,
akakiweka juu ya ukuta.
Asubuhi hakikuwapo.
Kunguru walikuwapo. Bibi hakuwauliza.

Nyumba ya Sippora sasa ni yetu.
Kwenye mwimo wa kulia kuna kovu la mshazari,
urefu wa kidole, pale palipokaa mezuza.
Fundi alitaka kuliziba kwa saruji. Mama akamnyang'anya mwiko.
Kila apitapo huligusa,
nami huligusa,
na ukituuliza sababu tutakwambia vumbi.

Sasa tumesimama.
Kuanzia mzee hadi mdogo, viganja viwili viwili,
baba na kisu, mvuke wa iliki na sukari guru
ukipanda kutoka kwenye tui.
Hapo Kuriakose, mwenye miaka minne,
ambaye hakuna aliyemfundisha, anauliza:
"Mbona leo mkate haujaumuka?"

Baba anashusha kisu
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.
"Tulikuwa Misri," anaanza,
anasita, anamtazama mama,
anatazama mlango.
"Yaani, wao. Walikuwa Misri..."
Tui linapoa.
Mtoto amekunja mkono juu ya mkate wake, anasubiri.
"Tulikuwa," baba anasema.